Uchujaji wa U13 Lubumbashi: mbona wanaobaki wengi ni wa Januari hadi Machi?

Kiwanja_Katuba
Jambo yenu wote. Tunapokea vijana 80 wa U13 (chini ya miaka 13) na kubakiza 20. Kila kiangazi orodha ya mwisho inajaa waliozaliwa Januari hadi Machi. Wa Oktoba hadi Desemba hubaki wawili au watatu. Watazamaji wetu watatu wanapewa tarehe zote za kuzaliwa, na hakuna anayebeba mtoto wa ndugu. Tunacho kiwanja kimoja, siku mbili, na jezi za namba 1 hadi 20. Tufanyeje?

Mwalimu_Kampemba
Ndugu, Roger Barnsley na wenzake walilionyesha jambo hili mwaka 1985 kwa wachezaji wa hoki ya barafu nchini Kanada. Mwaka 1997 Ubelgiji ilihamisha tarehe ya kugawa umri katika soka la vijana kutoka 1 Agosti hadi 1 Januari, na upendeleo ukahamia kwa waliozaliwa mara tu baada ya tarehe hiyo mpya. Kwa hiyo mwezi wenyewe hauna kipaji. Wa 5 Januari anamtangulia wa 20 Desemba kwa miezi 11 na nusu. Katika umri wa miaka 12 hiyo inaweza kuwa sentimita 5 za urefu, pamoja na mbio na nguvu zake. Akichaguliwa anapata mazoezi na mechi nyingi zaidi, na baada ya mwaka anakuwa bora kweli. Hapo kosa linajificha.

Kuwapa watazamaji tarehe hakutoshi. Mann na van Ginneken walilipima hilo Uholanzi (2017): waliosoma tarehe waliendelea kupendelea wakubwa, lakini namba za jezi zilipopangwa kwa umri upendeleo ule ulitoweka. Jicho linahitaji kuuona umri wakati uleule mtoto anapogusa mpira.

Kwa jezi zenu: panga vijana wote 80 kwa tarehe, mkubwa kwanza. Wa 1, 5, 9 na kuendelea waingie kundi A. Wa 2, 6, 10 kundi B. Hivyo hadi D. Ndani ya kila kundi, jezi 1 ni mkubwa kuliko wote, 20 ni mdogo kuliko wote. Waambieni watazamaji maana ya namba kabla ya mpira kuanza, la sivyo kazi yote ni bure. Wachezeshe wanne kwa wanne, dakika 8, kisha changanya timu upya. Kila mtazamaji aandike alama zake peke yake. Mazungumzo baadaye, maana anayesema kwanza huwavuta wengine.

Fishi_na_Biletini
Yaya amesema vema, ila anzeni na karatasi. Mkiona tarehe 1 Januari imejirudia mno, huenda imejazwa tu kwa sababu siku halisi haikujulikana, na mpangilio wote unapotoka. Linganisheni cheti cha kuzaliwa na fishi ya chanjo na biletini ya shule.

Pia hesabuni waliokuja, siyo waliobaki tu. Kama kati ya 80 wapo 40 wa Januari hadi Machi, kubakiza 10 kati ya 20 ni uwiano uleule. Hapo uchujaji wenu hauna kosa. Wadogo walikwisha kukatwa shuleni na mtaani kabla ya kufika kwenu.

Kipimo_Ruashi
Ongezeni ukomavu wa mwili, ambao ni jambo jingine kabisa. Mtoto wa Desemba anaweza kubalehe mapema na wa Januari akachelewa. Jezi haitaliona hilo. Pimeni urefu asubuhi, bila viatu, mara mbili, na mrudie kila miezi mitatu. Anayepanda ghafla yuko kwenye kasi ya kukua: msimhukumu kwa miguu iliyopoteza uratibu, na mpunguzieni mazoezi ya kuruka.

Fomula ya Khamis na Roche (1994) ya kukadiria urefu wa utu uzima ilitokana na watoto weupe wa Marekani. Mimi nisingemkata mtoto wa Katanga kwa fomula hiyo.

Kiwanja_Katuba
Asanteni sana. Na tukiweka nafasi 5 za lazima kwa kila robo ya mwaka?

Mwalimu_Kampemba
Hapana, na vijana 80 ni wachache mno kwa hilo. Bakizeni 20, halafu wekeni orodha ya pili ya 10, wengi wao jezi 15 hadi 20, waitwe tena baada ya miezi sita. Ubelgiji ina timu za taifa za vijana wanaochelewa kukomaa kwa sababu hiyohiyo. Waelezeni wazazi tarehe ya kurudi siku ileile ya matokeo, kwa maandishi. Mtoto aliyeambiwa "utaitwa" tu huacha mpira.