Ringi za kaboni zenye kina: zinasaidia kweli?

Mzee wa Banana: Wakuu, kila Jumapili natoka Ruaka hadi Limuru na kurudi kwa baiskeli. Wastani wangu ni kilomita 24 kwa saa, na kitambi kipo. Jamaa ananiuzia ringi za kaboni za kina cha milimita 50, zile pana kuelekea katikati ya gurudumu ili zikate hewa vizuri, mtumba, elfu 60. Zitanifaa au ni urembo tu?

Fundi Spoki: Limuru si ni kupanda tu? Mlimani adui ni uzito. Kasi ikizidi mara mbili, ukinzani wa hewa unazidi mara nne, ndiyo maana wanaokwenda 40 kwa saa wanazihitaji kuliko sisi. Tena upepo mwingi unakamatwa na mwili wako, si magurudumu. Inamisha kifua, kunja viwiko. Bure kabisa.

Mama Pedali: Ninazo. Tambarare nasikia tofauti kidogo, sikatai. Lakini siku moja lori lilinipita, upepo wa ubavuni ukanisukuma hadi ukingoni mwa lami. Mbele nilirudisha gurudumu la kawaida.

Mzee wa Banana: Asanteni. Leo nimekunja viwiko, mgongo unalia. Nanunua tairi nzuri za milimita 28. Kitambi tutaongea mwezi ujao.