Wakuu, moduli moja kila muhula: nitaimaliza kweli digrii hii?

MsomiWaZamu
Habari zenu wakuu. Nafanya kazi ya zamu na nina watoto wawili wadogo. Mwaka jana nilianza digrii huku nikiendelea na kazi, nikabeba moduli mbili muhula wa kwanza. Moja nikafaulu, Takwimu ikanilamba. Muhula wa pili nikaahirisha, nilikuwa hoi. Sasa nataka kurudi na moduli moja tu kila muhula. Digrii ina moduli 18, kila moja krediti 20. Mume wangu anasema joho nitalivaa nikiwa na wajukuu. Kuna aliyepita njia hii akamaliza? Msinifiche.

KalamuButu
Hukuanguka kwa uzembe mkuu, masaa ndiyo yaliyokuangusha. Kwenye mfumo wa krediti 360 kama wa Uingereza, krediti 1 huhesabiwa saa 10: vipindi, kujisomea, kazi za kuandika na mtihani, vyote humo. (Vyuo vya Ulaya vinavyotumia ECTS, mfumo wa krediti wa huko, vina hesabu yao, krediti 1 ni saa 25 hadi 30, usichanganye.) Moduli yako ni saa 200. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 13 na ushee kila wiki. Mbili zinavuka 26. Ungezipachika wapi juu ya zamu? Moja inabebeka, ila nayo si ya kusoma "nikipata nafasi".

BundiWaMaktaba
Dada, mimi nimemaliza hivyo hivyo, moja moja. Kosa langu kubwa nililiogopa somo gumu nikaliweka mwisho. Kumbe lilikuwa sharti la kuingia moduli nyingine mbili, na linafundishwa mara moja tu kwa mwaka. Nikakaa muhula mzima sina cha kusoma! Chukua karatasi kubwa, andika moduli zote, chora mishale ipi inafungua ipi, ubandike ukutani.

Halafu saa za kusoma. Nilikuwa nasoma saa nne usiku watoto wakishalala. Asubuhi nafungua daftari, sentensi inaanza vizuri, herufi zinalegea, mwisho ni mstari mmoja unateremka mpaka nje ya ukurasa. Hapo ndipo usingizi ulipoondoka na peni. Nikahamia saa kumi alfajiri, mambo yakanyooka.

Mpitanjia
Subiri watoto wakue usome kutwa. Miaka tisa ya nini?

KalamuButu
@Mpitanjia watoto wakikua huja ada zao. Na si kwamba anakaa miaka yote mikono mitupu: katika mfumo huo krediti 120 zinaweza kumpa cheti, 240 stashahada. Moduli sita si mchezo.

Kifutio
Mmesahau jambo moja. Dada, chuo chako kina ukomo wa miaka ya usajili? Na ule muhula ulioahirisha, umehesabiwa? Waulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.

MsomiWaZamu
Kifutio, Mungu akubariki. Wamejibu: ukomo ni miaka 8, na muhula niliouahirisha umeliwa. Yaani nimebakiza mihula 14 na moduli 17. Moja moja haitoshi! Jasho lilinitoka.

Nimekaa na karatasi ya Bundi. Mihula 11 nabeba moja, mitatu nabeba mbili mbili. Hiyo mitatu nimeipeleka mbele, mdogo akishaanza shule. Takwimu iko muhula ujao na inafungua moduli nne, kwa hiyo naanza nayo peke yake. Mume ameitazama ile mishale ukutani, akauliza alfajiri nani atamshika mtoto akiamka. Nikamwambia wewe. Hajabisha mpaka sasa.

BundiWaMaktaba
Mwandikie kwenye karatasi ile ile, chini ya Takwimu.