Seva imepoteza mtandao baada ya umeme kukatika: kadi imeungua au ni draiva?

TehamaWete

Assalaam alaykum. Ninasimamia seva ya skuli moja hapa Wete, yenye Debian 12 (mfumo endeshi wa jamii ya Linux), ambayo ndiyo inayohifadhi matokeo ya wanafunzi na mafaili ya ofisi. Umeme ulikatika usiku, UPS (betri ya dharura) ikaishiwa chaji, na uliporudi seva iliwaka vizuri isipokuwa haina mtandao kabisa. Amri ya `ip link` inaonyesha `lo` (kiungo cha mashine kwa yenyewe) peke yake, na ile `enp3s0` niliyoizoea, yaani kadi ya mtandao, imetoweka. Nimebadilisha kebo na tundu la swichi, hali ni ile ile, ingawa taa ya kwenye tundu la seva inawaka.

Wenzangu wameshakata shauri kwamba umeme ulirudi na nguvu kubwa ukaiunguza kadi, na wanataka mtu avuke Unguja akanunue nyingine. Kabla hatujafika huko, niliendesha `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha vifaa vya mashine na draiva (programu) zinazoviendesha. Inaitaja kadi ya Realtek yenye namba 10ec:8168, na chini yake kuna mstari usemao `Kernel modules: r8169`. Sioni ujumbe wowote wa kosa katika `dmesg` (ujumbe wa keneli, kiini cha mfumo) unaoihusu kadi hiyo. Naongeza kwamba seva hii nimeikuta imeshapangwa na aliyenitangulia, na ilikuwa haijazimwa kwa muda mrefu sana. Je, kuna njia ya kujua kwa yakini kama kadi imekufa?

Mkunguni

Wa alaykum salaam. Kadi zilizomo ndani ya madabodi huungua kwa urahisi umeme unapopanda na kushuka, nasi huku Chake tumezoea kuona hivyo. Nakushauri utafute kadi ya kuchomeka ya PCI Express, uizime ya ndani kupitia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), uendelee na kazi. Skuli haiwezi kusubiri uchunguzi.

Bandarini

Ndugu Mkunguni, kwa heshima zote, hapa naona umeme unasingiziwa. Kadi iliyoungua kwa kawaida haionekani tena katika `lspci`, kwa sababu haiwezi hata kulijibu basi la PCI (njia inayounganisha vifaa na mashine) linapouliza nani yupo. Hii imejitambulisha kwa namba yake kamili. Kisichokuwepo ni mstari mwingine ambao ungetangulia ule alioutaja, yaani `Kernel driver in use`. Maana yake ni kwamba keneli inaijua kadi, inajua pia kwamba moduli (draiva inayopakiwa ndani ya keneli) ya r8169 inaifaa, lakini hakuna draiva yoyote iliyoishika. Ukimya wa `dmesg` unaelekea huko huko, kwani draiva ambayo haikupakiwa haina la kulalamikia.

Suala linabaki kuwa kwa nini haikupakiwa, na jibu nadhani limo katika ile sentensi ya mwisho ya muulizaji. Seva isiyozimwa kwa muda mrefu huendelea kutumia keneli iliyoanza nayo, hata kama masasisho ya usalama yameshaweka keneli mpya kwenye diski. Umeme ulipokatika, kazi yake ilikuwa kuiwasha upya tu, na mashine ikaamka na keneli ambayo haijawahi kuitumia. Mabadiliko yalishafanyika siku nyingi, ila hakuna aliyeyaona. Ndiyo maana mimi huiwasha seva upya kwa makusudi kila keneli mpya inaposakinishwa, nikiwa nimekaa mbele yake, mchana.

Ninachokishuku ni kwamba aliyekutangulia alijenga kwa mkono draiva ya r8168, ile inayotolewa na Realtek wenyewe, kisha akaipiga marufuku r8169 ili zisigombanie kadi moja. Moduli iliyojengwa kwa mkono hukaa katika saraka ya keneli moja tu, na keneli mpya haina habari nayo, lakini marufuku huzihusu keneli zote. Matokeo yake ni kwamba draiva moja haipo na nyingine imezuiwa. Tafadhali endesha amri hizi tatu utuletee majibu:

`uname -r`
`find /lib/modules -name 'r8168*'`
`grep -r r8169 /etc/modprobe.d`

Kisha jaribu `modprobe r8169`. Mstari wa `blacklist` huzuia moduli isijipakie yenyewe keneli inapoigundua kadi, lakini haumzuii msimamizi anayeiita kwa jina. Ukikataliwa hata hapo, tazama kama kuna mstari wa `install r8169 /bin/false`, maana huo ndio unaofunga mlango kwelikweli.

TehamaWete

Shukran sana, Bandarini. Ni kama ulivyoeleza. Faili la r8168 lipo katika saraka ya keneli ya zamani peke yake, na `/etc/modprobe.d` ina mstari wa `blacklist r8169`. Nilipoendesha `modprobe r8169`, `enp3s0` ilirudi papo hapo, na baada ya `ifup enp3s0` walimu wakaanza kufungua mafaili yao. Safari ya Unguja imeahirishwa.

Nina maswali mawili. `dmesg` sasa inasema imeshindwa kupakia fimwea (programu ndogo ya ndani ya kadi) ya `rtl_nic/rtl8168h-2.fw`, ikimalizia na namba -2, ingawa mtandao unafanya kazi. Na je, nibaki na r8169 au niijenge upya r8168?

Bandarini

Namba -2 inamaanisha faili halikupatikana. Limo katika kifurushi cha `firmware-realtek`, ambacho tangu Debian 12 ilipotoka mwezi wa Juni 2023 kimehamishiwa katika sehemu mpya iitwayo `non-free-firmware`. Seva iliyopandishwa kutoka Debian 11 mara nyingi haina sehemu hiyo katika `sources.list`, kwa hiyo iongeze kwanza, uendeshe `apt update`, ndipo usakinishe. Kadi nyingi za aina hii hufanya kazi bila faili hilo, lakini lina marekebisho ya kadi yenyewe na sioni sababu ya kuyakosa.

Kuhusu draiva, baki na r8169. Inakuja na kila keneli mpya, na hata maelezo ya kifurushi cha r8168-dkms katika Debian yanashauri kitumike pale tu ambapo r8169 haiifai kadi. Ufute ule mstari wa marufuku, kisha uendeshe `update-initramfs -u -k all`, kwa sababu nakala ya mpangilio ule huenda imo pia ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mashine inapoanza kuwaka).

Mnarani

Naongezea jambo ambalo halijaguswa. Aliyekutangulia hakuijenga r8168 bila sababu. Huenda r8169 ya wakati ule ilimsumbua. Kwa hiyo uichunguze seva inapobeba mzigo mkubwa, hasa wakati wa kunakili mafaili ya akiba. Ukiona katika `journalctl -k` maneno `NETDEV WATCHDOG` na `transmit queue 0 timed out`, jaribu kwanza kuongeza `pcie_aspm=off` katika mstari wa GRUB (programu inayoianzisha keneli), uendeshe `update-grub`, uiwashe upya. Hilo huizuia keneli isikilaze kiungo cha PCI ili kuokoa umeme, na kwa kadi za jamii hii wakati mwingine linatosha.

Ikiwa bado inakatika, ndipo usakinishe `r8168-dkms` pamoja na `linux-headers-amd64`. DKMS huijenga moduli upya kila keneli inapobadilika, lakini bila vichwa vya keneli mpya (hizo `linux-headers`) ujenzi hushindikana nawe utarudi hapa hapa ulipoanzia. Kabla ya hapo angalia `mokutil --sb-state`. Kama Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka) imewashwa, moduli isiyo na sahihi inayotambuliwa na mashine haitapakiwa, na kuusajili ufunguo wa sahihi hiyo kunahitaji mtu akae mbele ya skrini wakati seva inawaka, jambo lisilowezekana kwa SSH (kuingia kwa mbali) kutoka nyumbani.