Polio: tupime maji taka au tuendelee kusaka watoto waliopooza?

Darubini: Tuseme ukweli. Virusi vya polio vikiingia kwa watu 200, anayepooza ni kama mmoja tu. Ukimngoja huyo ndipo ukurupuke, vimeshazunguka mtaa mzima. Nairobi mwaka 2019 vilikamatwa kwenye maji taka ya Eastleigh na Kenya haikuwa na mtoto aliyepooza. Hela zihamie kwenye mifereji, kuliko kusafirisha hadi maabara makopo ya choo, yaani kinyesi cha waliopooza, yanayofika yameoza.

BiKata: "Yameoza"? Taratibu kaka. Choo huchukuliwa mara mbili, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Kinaharibika kwa sababu barafu inayeyukia stendi basi likisubiri abiria. Hilo mwulize kondakta, si aliyeshika kopo.

Mkondo: Darubini, ya Eastleigh ilikuwa Machi 2018, si 2019. Tena vilikuwa aina ya 2, vilivyotokana na chanjo: virusi dhaifu vya matone vilivyozunguka vikabadilika. Kwa aina hiyo kupooza ni nadra hata kuliko huyo mmoja kwa 200, kwa hiyo umejipunja mwenyewe.

Darubini: Ahsante, hoja imenona. Na hayo maboksi ya barafu, mbona mengine kesho yake yanabeba chanjo?

BiKata: Anayefanya hivyo awajibishwe. Boksi la choo huandikwa ubavuni na halirudi kwenye chanjo, hata lioshwe mara saba.

Mkondo: Mmehamia kwenye maboksi. Maji taka yanataka bomba. Kijiji cha vyoo vya shimo utachota wapi? Hata penye bomba, ukichota mchana baada ya mvua umechota mvua. Nenda asubuhi na mapema watu wanapoamkia chooni, lita moja, katikati ya mkondo, si povu la juu. Maabara hukamua nusu lita ibaki mililita 10 hivi ndipo waipandikize kwenye seli. Na mfereji ukisema "vipo", haukuambii ni nyumba ya nani.

Pangu_Pakavu: Choo chenyewe kiasi gani?

BiKata: Ncha mbili za kidole gumba, gramu 8 hivi.

Pangu_Pakavu: Gumba la nani? La kichanga au la baunsa?

BiKata: La mtu mzima, na utani uache. Kikija kiduchu maabara hawana akiba ya kurudia kipimo.

Darubini: Bi Kata, ile hesabu ya 200 hujaigusa.

BiKata: Futa kwanza "yameoza".