Boti ya tanga: bodi yenye balsa katikati au faiba tupu?

Mpemba_Toronto: Wakuu habari zenu. Nipo Canada, natafuta boti ya tanga ya mtumba futi 30 ya kuzungukia Ziwa Ontario, nimebakiwa na mbili. Moja Alberg 30 ya mwaka 72, bodi faiba tupu nene, tani 4 hivi. Nyingine J/30 ya mwaka 80, yenyewe bodi ni ngozi mbili za faiba katikati balsa (ule mbao laini mwepesi), uzito imepungua kama tani moja kuliko Alberg na inakimbia balaa. Moyo upo kwa J ila kila nikiuliza naambiwa balsa inaoza. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, bei saa hizi imeshuka kwa sababu ya baridi. Nichukue ipi?

mzee_wa_dau: Chukua Alberg ulale usingizi

FundiFaiba: Mkuu balsa haiozi yenyewe, inaoza ikipata maji, na maji yanaingilia pale mtu alipotoboa. Ukizitenganisha zile ngozi mbili bodi inakuwa ngumu mno bila kuongeza uzito ndo maana wanafanya hivyo. Sasa kila tundu la chini ya maji, balsa inatakiwa ikwanguliwe pembeni pajazwe epoksi nzito, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu. Boti ya miaka 40 na zaidi imepita kwa wenyewe wangapi? Akiwepo mmoja tu aliyefunga kipima kina kwa drili na silikoni akaenda zake kula bata, umeumia wewe.
Na @mzee_wa_dau usimdanganye kijana, hiyo Alberg bodi ni tupu lakini deki ina kiini katikati ya faiba, za mwanzo waliweka masonaiti kabisa (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) baadaye ndo balsa. Deki ndo imejaa skrubu, aikague hukohuko.

Mpemba_Toronto: Duh masonaiti? Ya makabati? Haya mkaguzi atanipimia zote mbili unyevu

mama_jahazi: Mdogo wangu usimlete wiki ijayo. Kipima unyevu hakisomi barafu, maji yakiganda humo ndani kitakwambia pakavu, na barafu hiyo hiyo inatanuka inabandua ngozi ya faiba. Ngoja iyeyuke, Aprili mwishoni au Mei. Halafu mgonge na nyundo ya plastiki kuzunguka kila vali na kwenye vigingi vya reli, panapolia butu weka alama ya chaki. J ikitoka safi hapo chukua J, hata mimi ningechukua.

Mpemba_Toronto: Na muuzaji akiuza kabla ya Aprili?

mama_jahazi: Auze. J/30 walitengeneza nyingi