Helikopta, sasa droni: polisi wamepewa anga lote juu ya mapaa yetu?

Wakuu, limenifika kooni.

Wiki iliyopita, saa nane usiku, helikopta ya polisi ilisimama juu ya mtaa wetu dakika 40 nzima. Vioo vinatetema, taa inamulika chumbani kama mchana, mwanangu kaning'ang'ania shingoni. Nikavumilia, nikasema labda wanamsaka mtu.

Siku tatu baadaye mke wangu anaanua nguo uani, droni ikashuka hadi usawa wa kamba. Ubavuni imeandikwa POLISI. Ikatulia pale, kamera ikamgeukia yeye, kisha ikageukia mlango wa bafu. Akaacha nguo chini akakimbilia ndani. Nilipokwenda kituoni kuuliza picha zile ziko wapi na nani anazitazama, nikajibiwa neno moja: "Operesheni." Barua niliyoacha haijajibiwa.

Halafu kuna watu wanatuambia tushangilie, eti helikopta zikipungua na droni zikishika nafasi yake kelele zitaisha. Jamani, kelele ndiyo iliyokuwa ikitujulisha kuwa wapo! Na gharama ndiyo iliyokuwa breki. Los Angeles, ukaguzi wa Desemba 2023 ulikuta helikopta za polisi zinakula karibu dola milioni 50 kwa mwaka, na asilimia 61 ya muda wa kuruka unaishia kwenye matukio yasiyo ya uzito wa juu. Kama chombo cha bei hiyo kinatumika hovyo namna hiyo, itakuwaje kwa droni inayopaa kutoka juu ya paa la kituo, anayeiongoza kakaa mbele ya skrini? Chula Vista, California, wanafanya hivyo tangu 2018: simu ya dharura ikipigwa, droni inatangulia.

Kumtafuta mtoto aliyepotea msituni kwa kamera inayoona joto la mwili, sina neno, warushe hata usiku kucha.

Lakini anga si lao peke yao. Agosti 2021, Buttonville, Kanada, droni ya polisi ilikuwa imesimama angani kama mita 120 juu ya ardhi, palepale kwenye njia ya ndege zinazokuja kutua. Ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna, ndani mwalimu na mwanafunzi, ikaigonga. Walitua salama, na chini ndipo wakaona bodi ya mbele penye injini imebonyea. Rubani wa droni alikuwa amezidiwa na kazi, hakuiona ndege ikija. Hapo droni ilikuwa karibu naye! Sasa polisi wanataka kuzirusha mbali hadi rubani wake asizione kwa macho, na anayekubali haraka hivyo hajafikiria nani yuko chini.

Na msiniambie "kama huna kosa unaogopa nini". Baltimore, Marekani, mwaka 2020 polisi walirusha ndege zenye kamera zikipiga picha karibu jiji zima mchana kutwa. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema huko ni kuvunja katiba. Majaji wale nao walikuwa na kosa?

Ninachodai: kila droni ya polisi itoe mawimbi ya utambulisho ambayo ndege nyingine zinayapokea, kila safari iandikwe na sababu yake, na picha zisizo za kesi zifutwe kwa muda uliowekwa kisheria. Jumatatu napeleka barua ya pili, na safari hii nakala inakwenda kwa mamlaka ya anga. Mwenye yaliyomkuta kama haya aandike hapa tarehe na saa, niambatanishe.