Majirani Ilazo: hita ya Mama Neema

IJUMAA

[18:42] Mama Neema: Habari za jioni majirani. Naomba mawazo yenu. Hita yetu ya bafuni, ile ya tanki la lita 50, tangu wiki iliyopita inatoa maji vuguvugu, tena yanaisha kabla mtu wa pili hajamaliza kuoga. Mama mkwe amekuja kutoka Kondoa, na baridi hii ya Julai na upepo wake siwezi kumpa maji ya hivyo. Nachemsha kwa sufuria kwenye gesi.

[18:44] Mama Suleiman: Pole jirani. Yetu ilikuwa hivyohivyo, kumbe elementi, kile chuma kinachopasha maji, imeota ganda jeupe kama lile la kwenye birika. Maji ya Dodoma yana chumvi, yanakula vyombo.

[18:45] Dada Upendo: Si upandishe joto kwenye kile kirungu cha chini?

[18:47] Mama Neema: Nimezungusha hadi mwisho, hali ni ileile. Mwezi uliopita ilikuwa inadondosha maji kwenye kivalvu pale bomba la baridi linapoingilia, jagi linajaa kila siku. Nikaita fundi aliyekuwa anapita mtaani, akakiziba tundu kwa plagi, kile kizibo cha bomba. Kudondosha kumeisha.

[18:48] Mwalimu: Fundi yule ni mzuri. Na mimi alinitengenezea siku hiyohiyo, mpaka leo sijaona tone.

[18:49] Baba Ritha: Mama Neema, hita inawaka sasa hivi?

[18:49] Mama Neema: Ndiyo, nimewasha tangu saa 11 ili mama aoge.

[18:50] Baba Ritha: Zima. Usiishie kwenye swichi ya bafuni, nenda kwenye breka. Kisha fungua bomba la maji ya moto, uliache wazi mpaka yatoke ya baridi. Simama mbali kidogo yasikuunguze. Plagi usiiguse. Ukimaliza niandikie.

[18:58] Mama Neema: Nimezima. Mwanzoni maji yaliruka kwa nguvu sana, baadaye yakatulia. Baba Ritha, umenitia hofu.

[19:06] Baba Ritha: Pole shemeji. Sasa umetulia, nieleze, na wengine msome.

Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zikitoka nyuzi 20 kwenda 60 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita. Hayawezi kurudi kwenye simtanki, maana kile kivalvu kinazuia maji ya moto yasirudi nyuma. Kwa hiyo ile nyongeza inatokea pale pembeni, tone kwa tone. Unapasha asubuhi na jioni, jagi linajaa. Hita yako ilikuwa nzima kabisa, jirani. Ilikuwa inapumua.

Ukiziba pale, msukumo unabaki ndani. Mchana mnafungua bomba mara kwa mara, unapungua. Usiku hakuna anayefungua. Na siku thamostati, ile inayopima joto, ikigoma kukata umeme, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa. Tanki likipasuka katika hali hiyo, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa mkupuo. Nimeona ukuta wa bafu uliobomolewa na hita. Ilikuwa saa 9 usiku, na ni Mungu tu kwamba hapakuwa na mtu.

[19:08] Mama Neema: Yesu wangu. Neema analala chumba kinachopakana na hilo bafu.

[19:09] Mama Suleiman: Mwalimu, umesema yako haidondoshi.

[19:15] Dada Upendo: Baba Ritha, tutajuaje kama inadondosha kawaida au imeharibika?

[19:19] Baba Ritha: Angalia inadondosha lini. Ikidondosha wakati inapasha, kisha ikaacha, hiyo ndiyo kazi yake. Ikidondosha hata ikiwa imezimwa na imepoa, kuna uchafu umenasa ndani ya valvu, au msukumo wa maji yanayoingia ni mkubwa. Hapo inasafishwa au inabadilishwa. Haizibwi. Yule fundi angeunga mpira mwembamba tu hadi kwenye tundu la maji machafu, mdomo wa mpira ukabaki wazi, msingeona hata tone sakafuni.

Na kama maji yanavuja kwenye mwili wa tanki lenyewe, kutu imeshatoboa. Hakuna kuchomelea, unanunua lingine.

[19:24] Mama Kulwa: Na sisi tunaotumia ile ya kwenye shawa, inayochemsha papo hapo? Yangu ukigusa koki unasikia kama unachomwa na sindano. Watoto wanaoga na ndala.

[19:26] Baba Ritha: Mama Kulwa, nakuomba kwa heshima zote, watoto wasioge hapo tena. Huo ni umeme. Zile za kawaida elementi yake iko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi. Zipo za maji ya chumvi, elementi yake imefunikwa. Lakini kwanza tuone kama waya wa ethi umefungwa. Nyumba nyingi hapa mtaani nimekuta umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta.

Uliungwa na waya gani?

[19:28] Mama Kulwa: Ule wa soketi.

[19:29] Baba Ritha: Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Waya wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5, unapata moto hadi plastiki yake inalainika. Inatakiwa iwe na waya wake mnene, wa 4 au 6, na breka yake peke yake. Nitakuja na kipimo Jumapili. Zima breka leo.

[19:30] Mama Kulwa: Nimezima. Asante sana baba.

[20:41] Mwalimu: Majirani, samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa natafuta ngazi. Nimepanda na tochi. Kuna plagi, imezungushiwa tepu nyeupe nyingi. Nimezima kwenye breka na kufungua bomba la moto kama ulivyoelekeza. Mimi ndiye niliyemsifia yule fundi mbele yenu. Naomba mnisamehe.

[20:43] Mama Neema: Mwalimu, hata mimi nilimlipa na kumshukuru. Hatukujua.

[20:44] Baba Ritha: Usijilaumu mzee wangu. Siku ile alipita nyumba ngapi?

[20:46] Mwalimu: Alitoka kwangu akaelekea nyumba za juu, karibu na kanisa. Kesho asubuhi nitapita mlango kwa mlango.

JUMAMOSI

[11:52] Fundi wa Maji: Salamu wakubwa. Nimemaliza kwa Mama Neema, Baba Ritha alikuwepo kwenye umeme. (picha) Hiyo ni elementi yake. Ganda lina unene wa kidole. Chini ya tanki nimetoa chenga kama chokaa, nusu ndoo. Ndiyo maana maji yalikuwa yanaisha haraka, nafasi imeliwa. Ganda limefunika pia mrija wa thamostati, sasa inaona moto wa karibu na kukata umeme mapema, huku maji ya juu hayajapata joto.

[11:55] Mama Neema: Kwa hiyo ndiyo sababu nilizungusha kirungu bila faida.

[11:56] Fundi wa Maji: Ndiyo mama. Na ile fimbo ya magnesiamu imebaki waya mtupu. Fimbo hiyo inaliwa na kutu kwa niaba ya tanki. Ikiisha, linaanza kuliwa tanki. Nimeweka mpya, nimebadilisha elementi na valvu, plagi ya yule fundi wa mtaani nimeitoa. Kwa maji yetu mniite kila mwaka nifungue na kusafisha. Msisubiri hadi ishindwe kupasha.

[11:58] Dada Upendo: Gharama?

[12:01] Mama Neema: Vifaa elfu 75, ufundi elfu 40. Hita mpya ingekuwa mara kadhaa ya hapo.

[12:03] Dada Upendo: Na umeme je? Mimi naiacha inawaka siku nzima.

[12:07] Baba Ritha: Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2 na kidogo. Kwa anayenunua uniti shilingi 356 ni kama 830. Ukiiacha inawaka, inarudia kupasha kila ikipoa, unalipia joto ambalo hakuna aliyelioga. Elementi ya wati 1,500 inahitaji saa moja na nusu hivi. Washa kabla ya kuoga, kisha zima.

[12:20] Mwalimu: Nimezunguka nyumba tisa. Tatu zina plagi, zote zimezimwa. Wawili hawapo kwenye kundi, nimewaandikia namba ya fundi kwenye karatasi. Nyumba yenye geti la bluu hawapo, wamesafiri, na nasikia maji yanadondoka bafuni kwao.

[12:21] Baba Ritha: Yanadondoka? Basi huenda haijazibwa, iko salama kuliko hizi zenye plagi. Ila mpigie mwenye nyumba aulizwe kama waliacha breka imewashwa.

[12:22] Mwalimu: Napiga.

[12:40] Fundi wa Maji: Naanza kwa Mwalimu saa 8, kisha nyumba za juu. Acheni hita zipoe kabisa kabla sijafika.

[19:33] Mama Neema: Mama mkwe ameoga hadi ameimba. Anasema Baba Ritha na fundi wapite kesho baada ya ibada, ameleta mtama wa Kondoa.